Amri Isiyofutwa: Niliyojifunza Kambi ya Kipindupindu

Kipindupindu hakichani utumbo. Hakiutoboi, hakiuchomi, hakiuozeshi. Ukichukua kipande kidogo cha utumbo mwembamba wa mgonjwa anayeharisha hadi lita moja kwa saa, ukakitazama kwa hadubini, utakuta ukuta uko mzima na seli zimejipanga safu kwa safu. Hazijafa. Zinafanya kazi kuliko kawaida. Kilichoharibika ni ujumbe zinaoutii. Jambo hili nilikuja kulielewa nikiwa kazini, na limebadilisha namna ninavyouguza.

Mwezi Agosti 2015 mlipuko ulianzia Dar es Salaam, ukasambaa karibu mikoa yote ya Bara, ukavuka hadi Zanzibar, na kabla haujatulia wagonjwa waliosajiliwa nchini walikuwa wamezidi 20,000. Mimi ni muuguzi. Nilipangiwa kambi moja Kinondoni: mahema, vitanda vya turubai vyenye tundu katikati, ndoo yenye alama za vipimo chini ya kila tundu, ndoo nyingine pembeni ya matapishi, na harufu ya klorini iliyokuwa inakwenda nami mpaka nyumbani. Wagonjwa walifika kwa bajaji, kwa pikipiki wakiwa wameshikwa katikati ya watu wawili, wengine migongoni mwa ndugu zao. Macho yameingia ndani, sauti imekwisha, ngozi ya tumbo ukiivuta kwa vidole inachelewa kurudi. Na bado mtu anakutambua, anakuita sista, anakuambia jina la mtoto wake. Ndivyo ugonjwa huu ulivyo. Homa mara nyingi hakuna, damu kwenye choo hakuna, akili inabaki timamu kwa muda mrefu huku maji ya mchele, kama tunavyoyaita, yakimwagika ndooni.

Shida yangu kubwa haikuwa dripu. Dripu familia zinaiheshimu. Shida ilikuwa kikombe. Bibi mmoja aliyekuwa anamuuguza mjukuu wake alikishika kile kikombe cha ORS, yaani maji ya kunywa yenye chumvi na sukari, akakiweka chini, akaniambia kwa upole kabisa: "Sista, akinywa kikombe kimoja vinatoka viwili. Mwacheni apumzike, tumbo likauke." Nilimjibu kama tulivyofundishwa, kwamba tunarudisha maji yaliyopotea. Akanitazama. "Yanarudi wapi, na wewe mwenyewe unayaona kwenye ndoo?"

Ni swali zuri, na wengi waliliuliza kwa maneno tofauti. Jibu la kweli liko mbali kidogo na ndoo, liko katika namna seli inavyosikia.

Seli imefunikwa na utando ambao homoni nyingi haziwezi kuupenya. Kwa hiyo ujumbe unapofika, mleta ujumbe anabaki nje. Anajishika kwenye kipokezi, protini iliyochomoza kwenye utando, na kipokezi kinabadilika umbo. Upande wa ndani mabadiliko hayo yanaigusa protini nyingine iitwayo protini G. Protini G ikiwa imetulia hubeba molekuli ndogo iitwayo GDP. Ikiguswa huitema, hushika nyingine inayofanana nayo, GTP, kisha husogea kwenda kukiamsha kimeng'enya kiitwacho adenili saiklesi. Kimeng'enya hicho kinachukua ATP, molekuli inayobeba nishati ya seli, na kuifanya molekuli ndogo ya mviringo, AMP ya mzunguko, ambayo wataalamu huiandika cAMP. Hiyo sasa ndiyo inayozunguka ndani ya seli ikisambaza habari kwamba nje kuna agizo. Mmarekani Earl Sutherland aliigundua mwishoni mwa miaka ya 1950 alipokuwa anachunguza jinsi adrenalini inavyolifanya ini liachie sukari, na mwaka 1971 akapewa Tuzo ya Nobel. Waliofumbua habari za protini G, Martin Rodbell na Alfred Gilman, walipewa yao mwaka 1994.

Kitu kimoja katika mpangilio huo ndicho ninachotaka msomaji akishike kuliko vyote. Protini G hujizima yenyewe. Ina uwezo wa kuikata GTP iliyoishika ikawa GDP tena, na hapo inatulia. Mbiu ya mgambo ikilia watu wanakusanyika, wanasikia jambo, mbiu inanyamaza, kila mtu anarudi kwenye shughuli zake. Mji ambao mbiu inalia usiku na mchana hauwezi kuishi. Seli nayo vivyo hivyo: kupokea agizo ni nusu ya kazi, nusu nyingine ni kulifuta.

Sumu ya kipindupindu inashambulia hapo hapo, kwenye kufuta.

Bakteria mwenyewe, Vibrio cholerae, haingii ndani ya mwili. Anabaki kwenye uwazi wa utumbo, amejishika juu ya ukuta, na kutoka pale anatoa sumu. Sumu hiyo ni protini yenye kipande kimoja cha A na vipande vitano vya B. Vile vya B kazi yao ni kushika: vinatafuta mafuta fulani yenye sukari juu ya utando wa seli, yaitwayo gangliosaidi GM1, na kujibandika. Seli inaimeza sumu, inaipitisha kwenye njia zake za ndani kinyumenyume mpaka kwenye chumba ambamo protini hutengenezwa, na kutoka huko sehemu ya kipande A inachomoka na kuingia kwenye ute wa seli. Hapo inaikuta protini G na kuipachika kitu kidogo cha kikemikali. Ni hicho tu. Baada ya kupachikwa, protini G haiwezi tena kuikata GTP. Inabaki imeamshwa. Kimeng'enya kinaendelea kutengeneza cAMP, na hakuna homoni yoyote nje iliyoagiza.

Katika seli za utumbo, cAMP nyingi ina maana moja: fungua mlango wa kloridi. Mlango huo unaitwa CFTR. (Ndio huohuo ambao ukiwa na hitilafu ya kurithi kutoka kwa wazazi wote wawili husababisha ugonjwa wa ute mzito kwenye mapafu, unaowasumbua zaidi watu wenye asili ya Ulaya. Mlango mmoja: usipofunguka ni ugonjwa, usipofungika ni ugonjwa.) Kloridi inatoka, sodiamu inaifuata, maji yanafuata chumvi. Ndoo inajaa.

Nilipoyasoma haya vizuri, kwa taa ya simu wakati wa zamu za usiku, nilianza kumwona mgonjwa kwa ukamilifu ambao sikuwa nao. Mfikirie yule kijana kitandani. Mkojo hana. Tunaandika sifuri, sifuri, sifuri kwenye chati. Hilo ni kwa sababu damu inayofika kwenye figo ni kidogo, na pia kwa sababu ubongo wake umehisi ukavu na kumwaga homoni ya vasopresini. Vasopresini inafika kwenye seli za mirija ya figo, inashika kipokezi, inaamsha protini G ya aina ileile, kimeng'enya kinatengeneza cAMP ileile. Lakini kwenye figo cAMP ina maana nyingine: panga juu ya utando milango ya maji, ile inayoitwa akwaporini, uyarudishe maji mwilini. Kwa hiyo katika mwili mmoja, saa moja, molekuli ileile inamwaga maji utumboni na inayanusuru kwenye figo. Huku imetengenezwa na sumu, kule na mwili unaojitetea.

Kisha shika mkono wake utafute mapigo. Yanakimbia, membamba, karibu yapotee chini ya kidole. Ni adrenalini, na kazi hiyo ya kuukimbiza moyo inapitia cAMP pia. Na kwenye wodi ya kawaida, mtoto wa pumu tunayempa salbutamol ya kuvuta tunampa kitu kinachoshika kipokezi, kinaamsha protini G ya aina hiyohiyo na kuongeza cAMP kwenye misuli ya njia za hewa, ikalegea, akapumua. Sijui kama wenzangu wanashtuka kama ninavyoshtuka mimi. Mwili hauna ujumbe wa kila kazi. Una ujumbe mchache, na maana yake inaamuliwa na seli inayousikia.

Kifaduro, ugonjwa mwingine tunaoujua sana, unatoka kwa bakteria mwenye hila ya kufanana na hii: sumu yake inaipachika protini G dada, ile ambayo kazi yake ni kupunguza cAMP, ikashindwa kuitika. Hapo breki ndiyo inayokatwa. Sitalikalia hilo, ila nalitaja ili msomaji asidhani kipindupindu ni kisa cha pekee. Karibu theluthi moja ya dawa zilizoidhinishwa duniani zinafanya kazi kwenye vipokezi vya jamii hii inayotumia protini G, pamoja na propranolol ya presha na salbutamol niliyoitaja.

Sasa nirudi kwenye kikombe.

Ukutani mwa utumbo kuna mlango mwingine, unaitwa SGLT1. Huo hausikilizi cAMP kwa namna ya kuufunga. Unafanya kazi ya kuingiza glukosi, na hauiingizi peke yake: kila molekuli moja ya glukosi inaingia na ioni mbili za sodiamu, na maji yanafuata. Robert Crane aliueleza mpango huu kwa mara ya kwanza kwenye mkutano wa wanasayansi mjini Prague, Agosti 1960. Sumu ya kipindupindu haiugusi. Upande wa kutoa umekwama wazi, upande wa kuingiza uko salama, lakini unataka chumvi na sukari zifike pamoja. Maji matupu hayaupiti vizuri. Chumvi peke yake haiupiti. Ndiyo maana pakiti ya ORS ya gramu 20.5 ina glukosi gramu 13.5, chumvi ya kawaida gramu 2.6, sitreti ya sodiamu gramu 2.9 na kloridi ya potasiamu gramu 1.5, ziyeyushwe katika lita moja. Ukipiga hesabu, sodiamu na glukosi zinakaribia kulingana kwa idadi ya molekuli. Vipimo hivyo havikukisiwa.

Yule bibi nilimwambia hivi, nikiwa nimechuchumaa pembeni ya kitanda: "Bibi, njia ya kutoa maji imekwama. Njia ya kuingiza haijaguswa, na haifunguki bila chumvi na sukari pamoja. Mpe kijiko kwa kijiko, usiache. Yatakayotoka utayaona ndooni. Yanayoingia huwezi kuyaona, tutayaona kwenye mkojo wake." Alichukua kijiko. Aliuliza kama kijiko kimoja kikubwa kinatosha au viwili. Usiku ule wote alikuwa anampa, na mimi nilipopita nilimkuta anahesabu kimoyomoyo, midomo inacheza.

Nasisitiza jambo ambalo wahudumu wengi hawalisemi, na ukimya huo ndio unaoifanya ORS ishukiwe: ORS ya kawaida haizuii kuharisha. Haimzimi mdudu, haiifuti sumu. Ukimwahidi mama kwamba mtoto ataacha kuharisha, akiona hajaacha ataona umemdanganya na atamwaga kikombe. Mwambie ukweli. Ataendelea kuharisha, na hatakauka.

Watu walilipa gharama kubwa kabla ya kulijua hili. Sambhu Nath De, daktari wa Calcutta, alionyesha mwaka 1959, kwa kutumia utumbo wa sungura, kwamba maji yaliyochujwa bakteria wote bado yanaleta ugonjwa. Kwa maneno mengine, kuna sumu, na sumu peke yake inatosha. Mwaka 1968, huko Dhaka, David Nalin na Richard Cash waliwapa wagonjwa wa kipindupindu mchanganyiko wa kunywa na kukuta mahitaji ya dripu yamepungua kwa karibu asilimia 80. Kisha ikaja vita ya ukombozi wa Bangladesh mwaka 1971. Wakimbizi walijaa mpakani, kipindupindu kikaingia, na katika hospitali ya Bangaon, upande wa India, dripu ziliisha. Daktari Dilip Mahalanabis akaagiza chumvi na sukari zichanganywe kwenye mapipa na ndugu wa wagonjwa wawanyweshe wenyewe. Vifo vilivyokuwa karibu asilimia 30 vilishuka hadi karibu 3.6. Hao ndugu wa Bangaon nawafikiria mara nyingi. Walifanya kazi ileile ya yule bibi, na waliambiwa waifanye na daktari aliyeamini kwamba wanaweza.

Kuna mgonjwa ambaye kikombe hakimtoshi, na hapo sichezi. Aliyelegea, asiyeweza kunywa, asiye na mapigo mkononi, huyo ni mshipa kwanza. Mtu mzima wa kilo 60 anahitaji takriban lita 6 za Ringer, maji ya dripu yenye chumvi, kwa saa tatu, na lita 1.8 kati ya hizo ziingie nusu saa ya mwanzo. Ukiona dripu inadondoka tone kwa tone kwa mgonjwa wa aina hiyo, hajatibiwa. Akiweza kumeza tu, ORS inaanza, dripu ikiwa bado inakwenda. Doksisaiklini, dawa ya kuua bakteria, dozi moja inafupisha siku za kuharisha, na watoto wadogo tunawaongezea vidonge vya zinki kwa siku 10 hadi 14. Mkojo wa kwanza ulipoonekana kambini kwetu ulikuwa unatangazwa kitanda hadi kitanda, na sioni aibu kusema kuna usiku niliulilia.

Familia zilileta vitu vyao kwa mapenzi. Soda, juisi za pakiti, madafu. Soda na juisi tamu sana zina sukari nyingi bila chumvi ya kutosha, na sukari hiyo isiyoingia inayavuta maji kuelekea utumboni, zinaongeza tatizo. Madafu nayapenda, mimi ni mtu wa pwani, na yana potasiamu kwa wingi, lakini sodiamu yake ni kidogo kwa mtu anayepoteza chumvi kiasi kile. Yasishike nafasi ya ORS. Kama pakiti haipo, lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari vilivyosawazishwa, nusu kijiko cha chai cha chumvi, na safari ya kwenda kituoni ianze huku anakunywa.

Mgonjwa akishikiliwa siku hizo chache, mwili unamaliza wenyewe. Seli za ukuta wa utumbo hazikai sana. Ndani ya siku tatu hadi tano zinadondoka na nyingine zinapanda kutoka chini kuchukua nafasi. Protini G iliyopachikwa haizibuki, ila seli iliyoibeba inaondoka nayo. Mpya inazaliwa ikiwa haina sumu, inasikia vizuri. Kwa hiyo sisi wenye vikombe na dripu tunanunua muda mpaka zamu ya seli ibadilike. Hilo liliponiingia, uchovu wa zamu ulipungua uzito.

Hata bakteria wenyewe wanaishi kwa ujumbe. Kila mmoja anatoa molekuli ndogo nje, na kwa kupima zimekuwa nyingi kiasi gani anajua wenzake ni wangapi. Wakiwa wachache, Vibrio cholerae huwasha zana zake za kuwaletea watu ugonjwa na kujishika. Wakishakuwa wengi sana huzizima, hujibandua, na kutoka na maji kwenda kutafuta mwingine. Bonnie Bassler na wenzake nchini Marekani wamelichunguza hilo kwa miaka mingi.

Kuna njia ya kuukatiza ujumbe kabla haujafika. Mwaka 2009, katika baadhi ya shehia za Unguja na Pemba, watu walipewa chanjo ya kunywa yenye bakteria waliouawa pamoja na kipande B cha sumu kikiwa peke yake. Bila A kipande hicho hakidhuru. Mwili unatengeneza kingamwili dhidi yake, na siku sumu kamili inapokuja inashikwa kabla haijaifikia GM1. Ufuatiliaji ulionyesha kinga ya karibu asilimia 79 kwa waliokunywa dozi zote mbili. Majirani zetu wa Visiwani, kwenye shehia zilizowahi kuzika watu wake kwa ugonjwa huu, wakaipa dunia moja ya ushahidi muhimu wa chanjo hiyo.

Siku hizi, mvua za masika zikikaribia, huitwa kuwaandaa wahudumu wa afya ngazi ya jamii. Nachora ubaoni seli moja tu, kubwa, yenye milango miwili, mmoja wa kloridi na mmoja wa SGLT1, na protini G katikati. Majina hawayahitaji, na wengi wanayasahau kabla ya chai. Mwaka jana kijana mmoja alinyoosha mkono akauliza kwa nini hakuna dawa ya kuizibua ile protini G, ili kuharisha kukome moja kwa moja. Nikamwambia kwamba kifungo kile cha kikemikali hakitolewi na dawa yoyote tunayoitumia wodini, na kwamba wakati huo seli ya kuchukua nafasi imeshaanza kupanda kutoka chini. Akainama akaandika, kisha akauliza swali la pili, ambalo ndilo tulilokaa nalo mpaka saa saba mchana: mtu mzima wa kilo 60 aliyekauka kiasi, mwenye uwezo wa kunywa, anywe kiasi gani kwa saa nne za mwanzo. Mililita 75 kwa kila kilo. Lita nne na nusu. Tukazipima kwa jagi, tukazipanga mezani, wakaziona zilivyo nyingi.